Mama Testa na Nyumba Kumi na Nne za Bomba la Chuma

Saa moja na robo asubuhi, mtu wa shirika la umeme amekwishapanda nguzo na kukata waya mbili zinazoingia kwenye nyumba ya kona. Anashuka, anafungua mkanda wa kiunoni na kusema atarudi saa tisa alasiri kuunganisha upya. Akikuta kazi haijakamilika, anaonya, nyumba italala giza hadi Jumatatu.

Chini ya ukuta, mwanamke mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini anaitikia kwa kichwa tu. Amechomoa testa kwenye mfuko wa kifuani. Anakwenda kwa jirani, anaichomeka kwenye soketi yenye umeme, kijitaa chake kinawaka. Anarudi, anaigusisha kwenye waya uliokatwa, hakiwaki. Kisha anakwenda tena kwa jirani, kwenye soketi ile ile, kinawaka.

"Testa nayo hufa," anaeleza akirudi mara ya pili. "Ikifia mkononi mwako kati ya hapa na pale, itakwambia waya hauna umeme, na wewe utaiamini."

Kwa nenda rudi hiyo, ambayo hajaiacha kwa miaka ishirini na minne, mtaa mzima unamwita Mama Testa. Wapo wanaomtania kwamba hata chai huipima kwanza ndipo ainywe. Hukubali bila kinyongo na kuongeza kwamba hajawahi kuungua ulimi.

Nyumba anayoifanyia kazi leo ina umri wa miaka hamsini na mitatu, mkubwa kuliko wake kwa miaka kumi. Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, mjane, aliyeingia humo akiwa bibi harusi. Zamani zile umeme ulihudumia taa saba, redio moja na pasi. Baadaye likaja friji, ikaja pampu ya maji, na mwaka jana binti yake alirudi nyumbani na watoto wawili na oveni kubwa ya umeme ya kuokea mikate ya kuuza.

Tangu oveni iingie, nyumba imekuwa ikiishi kwa zamu. Mikate ikiwa ndani, pasi marufuku. Pasi ikiwashwa, pampu inyamaze. Mwezi uliopita watu wawili walisahau zamu kwa pamoja, na swichi kuu ikatoa moshi mwembamba na harufu iliyokaa kwenye mapazia siku tatu.

"Nyumba ina mlango wa watu na mlango wa umeme," anasema Mama Testa akipanda ngazi. "Huu wa pili hakuna anayeupaka rangi."

Mlango huo anaouzungumzia unaanzia juu ukutani, kwenye mkono wa chuma unaopokea waya kutoka nguzoni. Unateremka hadi kwenye mita, swichi kuu na ubao wa fyuzi, na kumalizikia ardhini kwa waya wa kijani uitwao ethi. Leo kila kitu kinang'olewa isipokuwa mita. Waya wa zamani wa kubeba ampea thelathini unapisha kebo nene ya kubeba sitini, na fyuzi za kigae zinapisha kisanduku cha breka, swichi ndogo zinazojizima zenyewe umeme ukizidi.

Kazi za ukubwa huu hazimjii kila siku. Mwezi ukiwa mzuri hupata mbili, na kila moja huweza kulisha nyumba yake wiki tatu. Mwezi ukichacha hana hata moja, huishi kwa kubadilisha swichi na holda za balbu. Ameanguka kutoka kwenye ngazi mara mbili, na kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikunji vizuri.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Alipelekwa kwake akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya karo ya shule kumshinda, ili amsaidie mkaza mjomba kazi za nyumbani. Mkaza mjomba akamwambia mumewe kwamba msichana huyu anakaa jikoni akitazama soketi kuliko sufuria. Wiki iliyofuata alikuwa nje akikata waya.

Mjomba alikuwa fundi wa mtaa mzima, na hadi leo, akiwa na miaka sabini na minane na miguu isiyomtii, akitoka barazani vijana humwamkia "Shikamoo fundi" kabla ya wazee wenzake. Alikuwa mkali wa desturi zake. Kila alipomaliza nyumba aliandika tarehe kwa penseli nyuma ya ubao wa fyuzi kabla ya kuukaza ukutani, mahali ambapo hakuna mwenye nyumba atakayepaona. Alipoanza kumwamini mpwa wake, alimpa ruhusa ya kupima ethi peke yake, na akipima ikawa sawa, aweke alama ya vema chini ya tarehe.

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Testa anafungua skrubu ya mwisho ya ubao wa zamani. Ubao unaachia ukuta pamoja na kipande cha plasta. Anaugeuza ili autoe nje, na hapo anasimama.

Nyuma yake kuna tarehe ya miaka ishirini na minne iliyopita, na chini ya tarehe, alama ya vema iliyokolezwa mara mbili, kama ya mtu anayeogopa itafutika.

Alijua kwamba mjomba ndiye aliyefunga upya umeme wa nyumba hii. Hakukumbuka kwamba yeye ndiye aliyepima. Anauweka ubao chini, anaufuata waya wa kijani kwa vidole, kutoka pale ulipokuwa ubao, chini kwenye kona, hadi nje kwenye bomba la maji la uani. Umefungwa kwa klampu ya shaba kwenye bomba la chuma, chini tu ya koki ambako wajukuu wa muuguzi hunawia miguu.

Waya wa ethi una kazi moja. Umeme ukitoroka ndani ya friji au oveni na kushika bati lake, ethi huupeleka ardhini kabla haujampitia mtu. Enzi za mjomba, mafundi wengi waliufunga kwenye bomba la maji, kwa kuwa mabomba yalikuwa ya chuma tupu, yakipita chini ya mtaa mzima. Hapakuwa na ardhi nzuri kuliko hiyo, na ilikuwa bure.

Mama Testa anachukua jembe la mkono na kufukua chini ya koki. Bomba la chuma linaingia ardhini kiasi cha urefu wa mkono wake, kisha linakomea kwenye kiungo. Kutoka kwenye kiungo kuendelea ni plastiki nyeusi.

Anaunganisha kipimo chake cha ethi na kusubiri namba itulie. Mia saba na tisini; namba ikiwa kubwa, ndivyo ardhi inavyoukataa umeme. Yeye huhesabu kwamba nyumba ni salama ikiwa chini ya kumi.

Mabomba ya chuma yaling'olewa mtaani hapa miaka minane iliyopita. Watu wa maji walichimba, wakatoa kutu, wakaweka plastiki, maji yakawa meupe na kila mtu akashukuru. Hakuna aliyewaambia mafundi wa umeme, na hakuna fundi wa umeme aliyeuliza.

"Nilipita juu ya mtaro ule kila asubuhi," anasema. "Wiki mbili nzima, begi la vifaa begani. Niliona chuma kinatoka na plastiki inaingia, nikawaza tu kwamba viatu vyangu vinachafuka."

Anageuza ndoo, anaikalia. Baadaye atakiri wazi alichokuwa akikifikiria. Mkataba wa leo tayari una fimbo mpya ya ethi, ya shaba, ya kugongomewa ardhini. Angeigongomea, angeikata klampu ya zamani na kuitia mfukoni, na saa tisa nyumba ingekuwa salama kuliko ilivyopata kuwa. Ubao wenye alama yake ungekwenda jikoni kuwa kuni. Nani angejua?

"Ningenyamaza, ningelala," anasema. "Lakini ningelala mtaa huu huu, na nyumba hii si peke yake."

Anasimama, anajipangusa mikono na kumwita mwenye nyumba.

Muuguzi mstaafu anakuja akiwa na kisu cha kumenyea mkononi. Anasikiliza maelezo yote bila kukatiza. Kisha anasema jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia fundi: kwamba humu ndani kuna ndala za friji. Ni pea moja ya mpira, huwekwa mbele ya mlango wa friji, na kila mtu anajua asifungue bila kuzivaa, maana friji linatekenya. Watoto walifundishwa hivyo kama wanavyofundishwa kunawa mikono. Wageni huambiwa, wanacheka, wanavaa.

Binti mwokaji, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma ya mama yake, anaongeza kwamba tangu alete oveni, hata koki ya uani huanza kutekenya siku za kuoka. Walidhani ni maji kuwa baridi.

Mama Testa anashusha pumzi. Anawaeleza kwa lugha ya kawaida: waya wa kijani umeyafunga mabati ya vyombo vyote pamoja na koki ile, na vyote kwa pamoja haviigusi ardhi ipasavyo. Oveni ikiharibika vibaya, umeme wake utaibukia bombani, na fyuzi haitakatika.

"Na ethi hii," anasema, "niliipima mimi, mama. Alama ni yangu."

Muuguzi anamtazama, anautazama ubao. Hakasiriki kwa sauti, lakini uso unabadilika, na anauliza kwa nini mtu aliyekuwa anapita hapa miaka minane kwenda kazini hakubisha hodi siku moja. Mama Testa anaomba radhi.

Binti anasogea koki ilipo, anamvuta mwanawe mdogo aliyekuwa anachezea tope, na kumpeleka ndani.

"Wodini," anasema hatimaye muuguzi, "tukigundua dawa ilikosewa, hatukumwambia mgonjwa mmoja tukaenda kunywa chai. Tulipita kitanda kwa kitanda. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Wengine ni akina nani?"

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mama Testa hana orodha. Nyumba nyingi zilifungwa kabla hajaja, nyingine alikuwapo lakini akichanganya saruji. Nyingine zina mabomba yaliyotoka barabara ya juu, ambayo hayakuwa ya chuma, na hizo zilipigiwa fimbo ya ethi tangu mwanzo. Anayejua ipi ni ipi ni mjomba pekee, na orodha ya mjomba iko kichwani mwake.

Tena kuna suala la kupokelewa. Fundi anayebisha hodi asubuhi na kusema umeme wako ni mbovu, mtu humwona anatafuta kazi. Na akisema kwamba umeme huo mbovu aliufunga yule mzee wanayemwamkia wote barazani, wataona anatafuta kazi na utovu wa adabu juu yake.

Saa nne na dakika kumi anampigia mjomba. Anaweka simu kwenye spika kwa kuwa mikono ina grisi. Anamwamkia, anaulizia miguu yake, kisha anaeleza. Mzee anamkatiza kabla hajafika kwenye plastiki.

"Bomba lile lilikuwa chuma tupu. Mimi sikukosea."

"Hukukosea, mjomba. Lilibadilishwa, na sisi hatukurudi."

Mjomba anataka kujua kama sasa, akiwa na mguu mmoja kaburini, ndipo anapopewa kesi. Anasema watu watasema alikuwa akiwafungia kifo majumbani, kwamba jina la miaka arobaini litavunjwa kwa asubuhi moja, na kwamba mpwa wake angeweza kupiga fimbo moja akanyamaza. Mama Testa anajibu kwamba bora lawama kuliko fedheha. Simu inakatwa.

Hakuna muda wa kununa. Anarudi kwenye ukuta. Anapanda kukaza mkono mpya wa chuma, boliti nne, kila moja akiijaribu kwa uzito wa mwili wake. Binti mwokaji, ambaye leo hana mikate, anashika ngazi. Kebo mpya inateremka ndani ya bomba jeupe lililobanwa kila baada ya hatua, na kabla ya kuingia ukutani anaipindisha kidogo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata kebo hadi ndani. Jambo hilo dogo, anasema, ndilo hutofautisha nyumba iliyofungwa na nyumba iliyoviringishiwa waya.

Saa sita anagongomea fimbo ya shaba. Ina urefu wa mita moja na nusu, na ardhi ya uani ni ngumu. Anapiga nyundo ishirini, anapumzika, anapiga tena. Muuguzi anamletea maji, anasubiri gilasi, anaondoka nayo. Kipimo kinasoma ishirini na mbili. Fundi mwingine angeandika tisa akaenda zake. Mama Testa anafungua fimbo ya pili aliyoileta kwa ajili ya kazi nyingine, anaigongomea hatua nne kutoka ya kwanza na kuziunganisha. Sita na nusu.

Muuguzi, ambaye amekuja kuangalia namba kwa macho yake, anaomba aonyeshwe tena. Anaonyeshwa. Anasema sawa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anauliza kama fundi amekula.

Saa tisa kasorobo, kisanduku cha breka kiko ukutani, kila breka ikiwa na jina lake kwa herufi za mkono: taa, soketi, pampu, oveni. Kuna moja zaidi, ya kukata umeme wote mara tu unapovuja. Mtu wa shirika anarudi, anakagua, anapanda nguzo. Umeme unaingia. Mama Testa anakwenda kwa jirani, anarudi, anakwenda tena. Kisha binti anawasha oveni, pasi na pampu kwa pamoja, na wote watatu wanasimama jikoni wakisikiliza kama watu wanaomsikilizia mgonjwa kifua. Hakuna harufu. Muuguzi anafungua friji kwa miguu mitupu, analishika bati lake kwa kiganja, anakiacha hapo.

"Limenyamaza," anasema.

Ni wakati Mama Testa anakusanya vifaa ndipo simu inapoita. Ni mjomba. Hasalimu. Anamwambia achukue kalamu.

Hakuna karatasi karibu, kwa hiyo anachana kifuniko cha boksi la breka. Mzee anaanza kutaja. Ile ya mshona viatu. Ile ya geti la kijani, ila si nyumba kubwa, ni banda la nyuma. Ile ya mapacha. Ile iliyokuwa ya karani wa posta na sasa wanakaa wapangaji watano. Anataja taratibu, na kwa kila moja anasema ubao uko ukuta gani na bomba liko upande gani, kana kwamba aliifunga juzi. Sauti haina hasira. Mama Testa anaandika na kusema "Ndiyo, mjomba," "Ndiyo, mjomba."

"Waambie nimekutuma mimi," mzee anasema. "Atakayekataa kufungua, aje aniulize hapa barazani. Ziko kumi na nne."

Mama Testa anapitisha kalamu juu ya orodha. Anahesabu tena.

"Nina kumi na tatu, mjomba."

Upande wa pili kunasikika mtu akifua uani, na maji yakimiminika kwenye beseni. Mzee anakohoa. Anasema ya kumi na nne ni hiyo anayokaa yeye. Aliifunga mwenyewe, zamani, kabla mpwa hajaja kujifunza, kwenye bomba lile lile.

"Mkaza mjomba wako analalamika wiki ya pili sasa, anasema koki inamchoma mkono," anasema. "Nilimwambia ni baridi yabisi."

Mama Testa hasemi pole wala hasemi umeona. Anamwambia ainuke sasa hivi aende kuzima swichi kuu, na asikate simu. Katika spika inasikika fimbo ya kutembelea ikigonga sakafu, polepole, hatua kwa hatua, kisha mlio mzito wa swichi ikishuka. Hapo tu ndipo anapokaa chini, kwenye ngazi ya mlango wa muuguzi, na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi.

Zile kumi na tatu anasema ataanza kuzipitia kesho, nyumba tatu kwa siku, na atadai bei ya fimbo tu. Anatumaini kufikia Jumamosi ya wiki ijayo kusiwe na waya wa kijani hata mmoja mtaani uliofungwa kwenye plastiki. Kwa leo anapitia dukani kununua fimbo mbili nyingine za kwa mjomba, maana zile alizokuja nazo ziko ardhini kwa muuguzi.

"Mjomba amesema nisihangaike, wanaweza kulala giza hadi kesho," anasema akiifunga ngazi kwenye baiskeli. "Nimemwambia swichi ikiwa chini koki haimchomi tena mkaza mjomba, amwache afue. Mimi nakuja."